Sahani ya Kwanza ya Yaya Lemonia

Wadogo zangu mnaobaki jikoni, mliniomba niwaandikie mambo ya samaki kabla sijayasahau. Nimeandika. Shule niliishia darasa la nne kule Fizi, na Kiswahili cha kuandika nilikipata kambini Kigoma kwa mwalimu wa kwaya, kwa hiyo msinitafutie makosa, tafuteni samaki. Mimi nilisoma kwa sauti, mwanangu Furaha akapiga chapa. Furaha anaelewa Kiswahili chote ila ananijibu kwa Kiingereza, na tulipofika katikati aliacha kuandika akaniambia niyatoe majina ya watu, si vizuri. Nikamwambia mkono ulioungua ni wangu, majina yanabaki. Takis yumo humu. Dezire yumo humu. Yaya Lemonia yumo pia, yeye kwa shukrani, maana bila yeye msingenikuta kwenye mafuta ya kukaangia.

Kabla ya samaki nilikuwa bohari moja hapa Toronto, karibu na uwanja wa ndege, nafunga vipodozi kwenye maboksi. Kazi ile sina cha kuisimulia. Boksi linakuja, boksi linaondoka, na msimamizi anakuita "wewe" mpaka unazoea. Nilikuwa nimetoka kwenye vita. Waliochoma nyumba yetu niliwajua kwa majina, ila wao wana maandishi yao siku nyingine. Nilichotaka wakati ule kilikuwa kidogo tu: mahali pa kusimama ambapo nikikosekana, mtu anauliza yuko wapi.

Mama mmoja wa kanisani kwetu Downsview akaniambia kuna Wagiriki mtaa wa Danforth wanatafuta mtu wa kusafisha samaki. Samaki, nikasema, hao nawajua. Nimekua naanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Kutoka Rexdale nilikokuwa naishi nikapanda basi la Kipling, halafu treni ya chini ya ardhi kutoka mwisho wa mji mpaka karibu na mwisho mwingine, nikajiona ninakwenda kufanya kazi ya nyumbani kwetu.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya mwenye funguo. Mwenye funguo alikuwa Takis, mjukuu wa mwenye mgahawa, ndiye aliyeendesha jiko. Wakati ule bado kijana, na siku zote anaenda haraka kama mtu aliyeacha gari katikati ya barabara. Akanionyesha beseni la samaki wembamba kama vijiti vya kiberiti, weupe, unaona mpaka upande wa pili. Wagiriki wanawaita atherina. Akasema, "Osha hawa," akaondoka.

Sasa ndagala niliowajua mimi wanaanikwa juu ya mchanga. Ukiwanunua unanunua na mchanga wao. Unamimina maji ya moto, unasugua, unamwaga, unarudia mpaka usisikie kitu kwenye jino. Nikafanya hivyohivyo. Nikachemsha birika zima, nikamimina juu ya wale samaki wabichi, nikasugua kwa moyo wote. Mnacheka, nawasikia. Nilipotoa mikono hapakuwa na samaki tena. Palikuwa na uji wenye macho.

Takis akarudi. "Hiki ni nini? Umewapikia paka?"

Nyuma yake akaingia bibi mfupi aliyevaa nyeusi tupu, aproni inamfika kwenye miguu. Wote pale walimwita Yaya, yaani bibi kwa Kigiriki. Kwetu Kongo yaya ni dada mkubwa. Nikaona yote ni heshima, nami nikamwita hivyo hivyo. Jina lake Lemonia, ndiye mwenye mgahawa. Akaangalia beseni, akashika sinki, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua aproni, najua safari imeishia hapo.

Alipomaliza kucheka akanishika kifundo cha mkono. Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na wakati ule changu kilikuwa cha kuombea kazi tu. "Kwa nini?" akaniuliza. Nikamsugulia vidole hewani, nikajigonga jino, nikafanya uso wa mtu aliyetafuna mchanga. Akanitazama. Akageuka akamwambia Takis maneno kwa Kigiriki, kisha akaniambia mimi, "Kesho, leta wako."

Kesho yake nikaleta ndagala wakavu wa dukani kwetu Rexdale, kwenye mfuko. Takis alifungua mlango wa nyuma kwa sababu ya harufu. Yaya akachukua mmoja mkavu vilevile, hajaoshwa, akamtia mdomoni na kichwa chake. Akatafuna taratibu. Mchanga aliupata, nilimwona. Akameza.

"Huyu anakaa," akamwambia Takis.

Basi nikakaa.

Nitawaeleza alivyonifundisha, kwa sababu wengi wenu mmejifunza kwa Takis, na Takis anaruka hatua. Yaya alifundisha kwa kukushika mikono kutoka nyuma, kama anafundisha mtoto kuosha uso. Gavros, yule samaki mdogo mwenye mdomo mpana, haguswi na kisu. Unamshika shingo kwa kidole gumba na cha shahada, unavuta kichwa kuelekea tumboni, na matumbo yote yanakifuata. Halafu gumba linapita mgongoni kwa ndani na mfupa unatoka mzima. Chumvi, siki, unamwacha mpaka nyama inakuwa nyeupe, unaosha, unalaza kwenye mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Ukimwacha kwenye siki ukaenda kupiga simu, ukirudi utakuta ngozi ya kiatu.

Atherina, wale niliowafanya uji, hawasafishwi kabisa. Maji baridi, chumvi, wakauke kwenye chungio. Unawachanganya na kitunguu kilichokatwa vyembamba na unga, unawatandaza kwenye kikaango kama chapati nene, na unawageuza kwa sahani. Sardini anavishwa jani la mzabibu ndipo apelekwe kwenye makaa, jani linaungua na yeye anabaki na maji yake. Halafu kuna savoro, ambayo mimi naipenda kuliko zote: samaki waliokwisha kukaangwa, wakamwagiwa siki iliyochemka na kitunguu saumu, rozmeri na zabibu kavu. Yaya alisema kisiwani kwao walipika hivyo ili samaki akae siku kadhaa bila barafu. Nikamwambia kwetu kazi hiyo inafanywa na jua. Akasema basi sisi tulikuwa na bahati, jua halinunuliwi dukani. Nikamwambia mvua inapokuja katikati ya kuanika ndipo ungetuona hiyo bahati yetu.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa marida. Hao ndio samaki wa mgahawa ule, watu walitoka Pickering wakapaki mbali wakatembea kwenye theluji kwa ajili yao. Wale wa Ugiriki wakikosekana tulitumia samaki wadogo wa maziwa ya hapahapa, wenye harufu ya tango. Marida anakaangwa mzima, kichwa, tumbo, kila kitu. Na hakaangwi peke yake. Unachukua watano au sita waliokwisha kupakwa unga, unabana mikia yao pamoja kwa vidole vitatu, unaichovya mikia kwenye maji kidogo ili unga ushike, kisha unawashusha kwenye mafuta, vichwa kwanza, huku umeshikilia mikia mpaka wagande wakiwa wamefunguka kama kipepeo cha mkono cha kujipepea. Ndipo unaachia. Vidole vinakaribia mafuta kiasi kwamba nywele za mkono zinaondoka, hazirudi. Ukiachia mapema wanatawanyika. Ukichelewa unajua mwenyewe.

Yaya alinitazama nikifunga vipepeo vile majira yote ya baridi, na vilivyoharibika akivirusha kwa paka wa mlango wa nyuma. Yule paka alinenepa. Siku moja Yaya alikuja, akatoa kishikio chake cha kushikia vyombo vya moto kwenye msumari ulio kando ya jiko, kile cha kitambaa chenye mistari ya buluu, akakining'iniza tena palepale, akasema, "Wako." Akaenda kukaa. Siku hiyo nikajua nina mahali pa kusimama Toronto. Kama mnataka kujua nilikuwa naogopa kupoteza nini kwenye hadithi hii yote, ni msumari ule.

Kulikuwa na desturi moja lazima niwaambie, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo. Samaki wa kwanza wa siku hakwenda kwa mteja. Sahani ya kwanza ilipelekwa kwa mkubwa wa nyumba. Yaya alikuwa na meza yake ndogo karibu na mlango wa jiko, kiti kimoja tu. Unamwekea, anachukua samaki mmoja, anakula kuanzia kichwa mpaka mkia, anatikisa kichwa kwamba ndiyo, na hapo ndipo sahani za watu zinatoka. Ndivyo walivyofanya kwao wakati wa njaa, alisema, ili mkubwa aonje kama samaki ni mzima na ili asisahauliwe. Wateja wa zamani waliijua ile desturi. Wageni waliuliza kwa nini chakula kinachelewa wakati bibi yule ameshapewa. Hao hao ndio waliokata vichwa vya marida wakavipanga pembeni ya sahani, vimewatazama wanavyokula. Sikuwahi kuwalaumu. Kila mtu ana analoogopa.

Sasa mkono.

Ilikuwa mchana, kabla ya karamu ya ubatizo. Ile mashine kubwa ya kukaangia viazi ilikuwa na bomba la chini la kumwagia mafuta machafu, na bomba lilikuwa limeziba. Takis alilijua, nilimwambia, Dezire alimwambia. Dezire ni wa Bujumbura, alikuwa anaosha vyombo. Takis alisema fundi atakuja. Fundi hakuja kwa sababu hakuitwa. Siku ile Takis akataka mafuta mapya kabla wageni hawajafika, akachota yale ya zamani yakiwa bado ya moto, akayajaza kwenye sufuria kubwa yenye mishikio miwili, akaniambia tuyapeleke nje.

Nikamwambia, "Takis, haya ni moto. Tuyaache."

Akasema, "Nyinyi mmebeba maji kichwani maisha yenu yote. Sufuria moja inawashinda?"

Nimesikia mengi maishani. Hilo ndilo ninalolisikia hata leo nikifunga bomba.

Tukaibeba, yeye mbele, mimi nyuma. Dezire alikuwa amesimama pembeni na rundo la sahani, akitupisha. Simu ya Takis ikalia. Akaitoa kwa mkono wake mwingine, akaitia sikioni, na tulipofika mlangoni akauinua upande wake wa sufuria ili ausukume mlango kwa nyonga. Ukiinua upande mmoja, mafuta yanakwenda upande mwingine. Upande mwingine nilikuwepo mimi. Yalipita juu ya mkono wangu wa kulia, ule ulioshika mshikio, na sikuachia, kwa sababu ningeachia yangetumwagikia miguuni sote. Niliishusha chini sufuria ile. Taratibu. Mpaka leo sijui niliishushaje.

Dezire aliziangusha sahani zote akanivuta mpaka kwenye bomba la maji, akanishikilia mkono pale, huku analia kuliko mimi. Kwa hilo namshukuru. Yaliyofuata simshukuru.

Nilipokuwa hospitali Takis aliwaambia watu wa bima ya kazi, na akamwambia Yaya, kwamba niliinua sufuria peke yangu wakati yeye ameshanikataza. Wakamuuliza Dezire. Dezire akasema alikuwa amegeukia sinki, hakuona. Nilipopata nafuu nikarudi, kishikio changu chenye mistari ya buluu kilikuwa bado kwenye msumari lakini kwenye mafuta alisimama Takis mwenyewe. "Mtu mzembe hawezi kusimama kwenye mafuta," akasema, bila kunitazama. "Nenda kwenye sinki."

Kwa hiyo nikapelekwa nikasimame bega kwa bega na Dezire.

"Umeamka, Mama Furaha?" akanisalimu asubuhi ya kwanza.

"Nimeamka. Na macho yako, yameamka?"

"Usinisemeshe hivyo, mama. Kesi yangu ya makaratasi ya kukaa nchini bado haijaisha. Huyu akinifukuza nitamwambia nini mwanasheria?"

"Mwambie kwamba wewe ni kipofu. Labda watakupa makaratasi kwa huruma."

Akafungua maji. Tukaosha. Siku nyingi tuliosha hivyo, mimi kwa mkono mmoja, yeye akinisogezea zile nyepesi, na hatukusemezana zaidi ya "pisha." Nilikuwa nasikia mafuta yakilia nyuma yangu, najua kwa sauti tu kwamba samaki wameingizwa mapema, mafuta bado baridi. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko ngozi.

Nilikuwa nimemweleza Yaya ukweli siku ya kwanza niliporudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye meza yake. Nilidhani amechagua damu yake, na nikasema moyoni, haya, hata mimi ningechagua yangu. Zikapita wiki. Kipindi cha mfungo wao kikaingia, ambapo hawali hata samaki isipokuwa siku mbili tu, na jiko likawa la dengu na pweza. Siku bendeji ilipotoka kabisa Yaya alikuja kwenye sinki, akachukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza juu na chini. Akauweka. Akachukua wa kushoto, mzima, akaugeuza hivyohivyo. Akaenda kwenye rafu, akaitoa ile sufuria, akaiweka mbele yangu tupu, akashika mshikio mmoja, halafu wa pili.

"Ungeibeba peke yako," akasema kwa Kiingereza chake kile, "ingeungua yote miwili."

Akairudisha sufuria kwenye rafu, akaondoka. Dezire alikuwa ameona. Alianza kusugua kikombe kilichokuwa safi.

Jumapili ya Matawi kwao ni siku ya samaki. Wanatoka kanisani na matawi yao, wamefunga kwa muda mrefu, wana njaa ya marida kama watoto. Mgahawa ulijaa mpaka mlangoni, watu wamesimama na makoti mikononi. Takis akakaanga karai la kwanza, akapanga sahani, akaipeleka mwenyewe kwenye meza ya Yaya, akaikamulia limau. Mimi niliona kupitia lile dirisha la kupitishia vyombo.

Yaya akaitazama sahani. Akakunja mikono juu ya meza.

"Kula, Yaya," Takis akasema. "Watu wanangoja."

"Nani amekaanga?"

"Mimi."

"Maria yuko wapi?" Ndivyo walivyoniita, Mariamu liliwashinda.

"Kwenye sinki. Yaya, kula."

"Kwa nini yuko kwenye sinki?"

Takis akainama akamwambia kitu sikioni. Yaya hakushusha sauti hata kidogo. Waliozungumza Kigiriki walianza kunyamaza, meza baada ya meza. Sahani za watu zilikuwa zimepangwa kwenye kaunta, zinapoa, wahudumu wamesimama, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutoa kabla bibi hajala. Mzee mmoja mwenye tawi mfukoni mwa koti akasema kwa sauti, "Lemonia, tuonee huruma, tumefunga tangu majira ya baridi!" Watu wakacheka. Yaya hakucheka.

Akanyoosha kidole kwenye dirisha langu. Akamwambia mjukuu wake kwa Kigiriki, na mhudumu aliyekuwa karibu nami akanitafsiria huku ameziba mdomo: "Anamwambia, nitakula ukishasema mkono wa Maria uliungua vipi. Sema kwa Kigiriki wasikie hawa. Halafu sema kwa Kiingereza asikie yeye."

Sijui mmewahi kumwona mtu mwenye haraka siku zote akilazimika kusimama. Takis alifuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. Alitazama mlango, ule ule. Halafu akasema. Kigiriki sikukielewa, ila niliona mzee mwenye tawi ameacha kutabasamu. Kisha akageuka kwenye dirisha akasema kwa Kiingereza, sauti ndogo: yeye ndiye aliyeyachota mafuta ya moto, yeye ndiye aliyeniita, alikuwa na simu, aliinua upande wake. Yeye ndiye aliyedanganya.

Nyuma yangu kikaanguka kijiko. Dezire akasema kwa Kiswahili, "Mama Furaha, niliona. Niliona yote."

"Najua uliona," nikamwambia. "Ulikuwa umesimama pembeni yangu."

Alifuta mikono, akatoka mpaka ukumbini na aproni yake imelowa, akamwambia Yaya hayohayo, na kesho yake akawaambia watu wa bima. Makaratasi yake yalikuja baadaye kama yanavyokuja, hakuna aliyemfukuza. Niliendelea kumnunia karibu mwaka. Ana bahati, mimi nanuna vizuri.

Yaya akachukua samaki mmoja, akamla kichwa kwanza. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sahani zikatoka.

Jumatatu nikasimama mbele ya msumari wangu. Lakini niwaambie ukweli ambao watu wa ushuhuda kanisani hawapendi kuusikia: kurudishiwa mahali si kurudishiwa mkono. Vidole vya kulia vilikuwa havikunjiki tena. Vipepeo vyangu vilifumuka kwenye mafuta kama kuku waliotishwa. Yaya akavitazama, akaenda akasimama upande wangu wa pili, akashika mkono wa kushoto. Akaanza upya. Nyumbani nilifanya mazoezi kwa maharage ya kijani, nabana matano, nachovya, naachia, na Furaha akinipita jikoni ananiuliza kwa Kiingereza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Paka wa nyuma alinenepa mara ya pili. Ndiyo maana mnaniona natumia kushoto, na ndiyo maana ninyi niliowafundisha mimi mnakaanga kwa kushoto bila sababu. Mlidhani ni utaalamu wa Kigiriki.

Takis ni mkubwa wenu, kwa hiyo sitawadanganya. Si mtu mbaya siku zote. Anakuwa mbaya akiwa na haraka. Alirekebisha bomba lile juma lilelile. Tangu siku ile sijamwona akibeba kitu cha moto na simu mkononi, na akisahau, mwiteni jina lake kwa sauti, ataelewa. Mafuta yakiwa moto yaacheni. Mteja hafi kwa kungoja viazi.

Yaya Lemonia alizeeka polepole, akila samaki wake wa kwanza kila siku mpaka meno yakamkataa, na hapo nikawa namsagia savoro kwa uma, namtolea mifupa. Alikasirika. Alitaka mifupa yake. Wao wakitoka makaburini wanakula samaki, na alipofariki yeye familia nzima ilikuwa imekaa haijui nani apike. Nilipika mimi. Takis alinimenyea vitunguu saumu. Nilipomaliza, niliweka sahani ya kwanza kwenye meza yake, mbele ya kiti kitupu, na tukangoja kidogo, halafu tukagawa. Tumefanya hivyo kila siku tangu hapo. Mnajua, ninyi ndio mnaoiondoa ile sahani ikishapoa.

Mama huyu alinipa kazi baada ya uji wenye macho. Alikula mchanga wangu asinione mjinga. Alikuwa na mjukuu mmoja tu wa kumrithi, na akamsimamisha mbele ya kanisa lake lote kwa ajili ya mwanamke wa kutoka Fizi. Nimekutana na watu wabaya wa kutosha kujaza daftari, na wengine nawakumbuka kwa majina ya baba zao. Lakini nikipiga hesabu yangu ya maisha, naanza na huyu.

Sasa na mkono wa kushoto umechoka kufanya kazi ya miwili. Daktari amesema basi, kabla ya umri wa kustaafu, na mimi nimekubali. Siku yangu ya mwisho mlikuwepo, ila wengi mlikuwa jikoni, kwa hiyo niwaambie kilichotokea mezani.

Takis alinikataza nisikaange. Akakaanga mwenyewe, vipepeo vya marida, vya mkono wa kulia. Akabeba sahani ya kwanza mpaka kwenye meza ya Yaya, akaiweka, akavuta kile kiti. "Kaa, Maria."

Sikuwahi kukikalia. Nikakaa. Watu wa mchana walikuwa wamejaa, Dezire amekuja na mke wake wamekaa dirishani, Furaha ameomba ruhusa kazini.

"Kula," Takis akasema. "Watu wanangoja."

Nikakunja mikono juu ya meza.

Sikuwa nimepanga. Mikono ilikunjika yenyewe. Takis alinitazama, na nywele zake sasa ni nyeupe, na alijua. Akavuta pumzi. Akasema kwa Kigiriki, kwa sauti, kama zamani. Akasema kwa Kiingereza. Nikafikiri amemaliza. Akageuka akamtazama Dezire pale dirishani, na Dezire akawa anasogeza midomo bila sauti kama mwalimu wa kwaya, na Takis akaniambia kwa Kiswahili, neno moja moja, "Ni mimi niliyekuunguza, Mama Furaha."

Matamshi yalikuwa mabaya. Walikuwa wamefanya mazoezi, wale wawili, kisirisiri, nyuma pale kwenye sinki.

Nikamwacha asimame kidogo. Halafu nikachukua samaki mmoja kwa mkono wa kulia, kwa vile vidole visivyokunjika, nikamla kichwa kwanza mpaka mkia.

"Chumvi imezidi," nikamwambia. "Haya, wape watu chakula."